Kijana aliyeacha shule Lubumbashi: CRS, kituo cha ufundi, kwa fundi au kikundi?

Kila mwaka ikifika Agosti, minervali (ada ya shule) ikianza kuhesabiwa majumbani, swali ni lile lile katika mitaa ya Lubumbashi, Kongo, iwe Katuba, Kenya, Ruashi au kule Annexe pembeni mwa mji: huyu mtoto aliyeacha shule tumpeleke wapi? Anayeuliza anaweza kuwa mama muuza makala, yaya (dada au kaka mkubwa) aliyeachiwa wadogo zake, au kamati ya parokia iliyopata pesa kidogo na inataka kuwasaidia vijana wa mtaa. Majina ya vituo wanayajua. Wanachotafuta ni namna ya kuvilinganisha.

Mimi huanza na mambo matatu: umri wake, kama anaweza kusoma ukurasa mmoja na kueleza alichosoma, na leo anakula kwa nani. Hilo la tatu watu hulisahau, nalo ndilo linalovunja mipango mingi. Kijana anayejitafutia bukari (ugali) yake mwenyewe hawezi kukaa darasani tangu asubuhi hadi alasiri, hata masomo yawe bure kabisa.

Niseme mapema ninakoegemea. Mtoto ambaye hajafikisha miaka 15 arudishwe kwanza kwenye kusoma. Aliyevuka hapo ajifunze kazi, na kwa wengi wao fundi mzuri wa mtaani anafaa kuliko kituo ambacho hawatakimaliza. Na wote, wadogo kwa wakubwa, wawe na kikundi chenye mtu mzima anayejua majina yao na anayekwenda kuwaulizia nyumbani wasipoonekana. Bila huyo mtu, njia nyingine zote humwaga vijana katikati ya safari.

CRS na darasa la kisomo

CRS ni kituo cha kufidia masomo. Miaka sita ya shule ya msingi hufundishwa kwa miaka mitatu, kila ngazi ikibeba madarasa mawili, na mwishoni mwanafunzi hufanya mtihani wa serikali wa kumaliza shule ya msingi, ambao wengi bado wanauita TENAFEP. Vituo hivi viko chini ya wizara ya mambo ya jamii, tofauti na shule za kawaida. Kwa mzazi hilo lina uzito: kufutwa kwa ada kulikoanza Septemba 2019 kulihusu shule za msingi za serikali, kwa hiyo usidhani CRS ni bure mpaka umemwuliza mkuu wa kituo. Uliza kila kitu kwa jina: uandikishaji, daftari, sare, pesa ya walimu, pesa ya mtihani.

Faida yake ni kwamba mlango wa masomo haufungwi. Mwenye cheti cha msingi anaweza kuingia sekondari au shule ya ufundi, na hata asipoendelea, atasoma mkataba kabla ya kuutia sahihi. Kwa mtoto wa miaka 10 au 12 sioni njia inayoipita hii. Kumpeleka mtoto wa umri huo garajini eti kwa sababu kichwa chake ni kigumu ni kumwonea. Wengi walioletwa kwangu kwa sifa hiyo walikuwa na njaa, au hawaoni ubao vizuri, au Kifaransa cha mwalimu kiliwapita juu na hakuna aliyewaelezea kwa Kiswahili.

Kijana wa miaka 17 ni habari nyingine. Akikalishwa benchi moja na wadogo zake anaona haya, na baada ya wiki chache haonekani tena. Huyo anafaa darasa la kisomo la jioni: kusoma, kuandika na hesabu, akianza na Kiswahili, pamoja na watu wa rika lake. Makanisa mengi yana madarasa ya namna hiyo. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi hayamfikishi kwenye mtihani wowote, ndiyo maana nayapenda yakitembea pamoja na kazi ya mikono: saa mbili, mara tatu kwa wiki, hesabu zenyewe zikitoka kazini kwake. Mlango huu unakula mita ngapi za chuma? Kitambaa hiki kinatoa mashati mangapi? Ukiondoa uzi na vifungo, imebaki faida gani?

Kituo cha ufundi

Upande huu Lubumbashi ina bahati. Wasalesiani, watawa wa Kikatoliki wa Don Bosco, walifika hapa mwaka 1911, mji ukiwa mchanga wa mwaka mmoja, na mpaka leo Cité des Jeunes yao inafundisha vijana kazi za mikono. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa 1964, nayo ina tawi mjini, na inaendeshwa kwa sehemu kubwa na michango ya waajiri, kati ya asilimia 1 na 3 ya mishahara kulingana na aina na ukubwa wa kampuni. Kuzunguka hao wawili kuna vituo vidogo vingi vya parokia, vya makanisa na vya mashirika, vingine vizuri sana, vingine ni chumba chenye cherehani tatu na kibao kikubwa mlangoni.

Kituo kizuri kina mwalimu ambaye kazi yake ni kufundisha, wakati fundi wa mtaani anafundisha akiwa na mteja amesimama mlangoni. Kina kuchora na kusoma michoro, kina vipimo, kina usalama. Kinatoa breve, yaani cheti cha ufundi, na kwa anayetaka kuajiriwa na kampuni zinazofanyia kazi migodi, breve hiyo inatazamwa. Kama kijana anajua kusoma, amefika sekondari hata kidogo, na kuna mtu wa kumlisha kwa mwaka mzima, mpeleke kituoni bila kusita.

Kwa asiye na hayo, kituo kinakuwa mateso. Saa hazibadiliki, nauli kutoka Annexe ni ya kila siku, na mwezi wa tatu ndipo pesa ya nyumbani inapokwisha. Kabla ya kulipa chochote, muulize mkuu: kati ya walioanza mwaka jana wangapi walimaliza, na sasa wako wapi? Mwenye kufuatilia vijana wake atafungua daftari na kukuonyesha. Uliza pia vijana wangapi wanagawana mashine moja, na umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika wanafanya nini. Jibu likiwa ni kwamba wanarudi nyumbani, hesabu mwenyewe siku zitakazopotea.

Kwa fundi

Vijana wengi wa mitaa yetu hujifunzia kazi hapa: garajini, kwa wachomeleaji wa milango na madirisha, kwa maseremala, kwa washonaji, saluni. Kijana anaingia kwa kulipa kidogo au bila kitu, anatumwa, anaangalia, siku moja anashika chombo. Yuko karibu na nyumbani. Anaona mteja tangu siku ya kwanza, anajifunza bei, deni, na namna ya kumtuliza mtu ambaye kitanda chake hakijaisha. Hayo kituo hakiwezi kumfundisha. Na patroni (fundi mwenye karakana) mwenye moyo humpa chakula cha mchana, jambo ambalo kwa kijana wetu huyu ni kubwa kuliko breve.

Ubaya ni kwamba njia hii mara nyingi haina mwisho uliopangwa. Wapo vijana waliokaa kwa fundi miaka minne na bado wanafagia na kununua mikate. Fundi naye ana hofu yake, na tuiheshimu: akimfundisha kijana kila kitu upesi, kesho atafungua karakana ng'ambo ya barabara na kuchukua wateja. Makubaliano yanayoitambua hofu hiyo hudumu kuliko yale ya vitisho.

Kwa hiyo mimi nashauri mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti mbele ya wote, utiwe sahihi na fundi, mzazi, kijana, na shahidi ambaye fundi anamheshimu. Shefu wa avenue, kiongozi wa barabara yenu, anafaa, au mzee wa kanisa. Andikeni muda. Andikeni kazi ambazo kijana atakuwa anaweza kuzifanya peke yake baada ya miezi 3, 6 na 12. Andikeni siku za darasa la kisomo, nani anatoa chakula, na lini kijana anaanza kupata fungu la bei ya kazi aliyoifanya. Halafu andikeni faida ya fundi: kwa mfano, baada ya kujua kazi, kijana atabaki miezi kadhaa akimzalishia kabla ya kuondoka, au hatafungua karakana kwenye barabara ile ile.

Kama kuna kamati inayolipa, isilipe yote mwanzoni. Nusu siku ya kuingia, nusu siku kijana anapotengeneza kitu kizima, dirisha au gauni au kabati, mbele ya fundi mwingine asiye ndugu wa wa kwanza. Siku hiyo fundi aandike barua ya kuthibitisha anachojua kijana. Sijaona jambo lingine linalobadilisha mafunzo ya karakana kuliko hili la malipo kungoja kazi ya mikono.

Namna ya kumchagua fundi: kaa kwake asubuhi nzima, usilete maneno mengi. Tazama nani anashika mashine. Tazama anavyomkemea aliyekosea. Ulizia mwanafunzi wake wa zamani mwenye karakana yake, umtafute, uongee naye peke yake. Kama ni kuchomelea, angalia macho ya vijana. Mchomeleaji wa umeme anahitaji ngao yenye kioo cheusi cha namba 10 au 11. Miwani ya jua haizuii mwanga ule, inampa tu ujasiri wa kuutazama. Ukikuta vijana wamevaa miwani ya jua mbele ya moto, ngao iingie kwenye mkataba kabla ya kitu kingine chochote, na kama fundi anacheka, ondoka na mtoto wako.

Na kuhusu umeme tena: kushona kwa cherehani ya kukanyaga na useremala wa randa na msumeno wa mkono huendelea siku SNEL imelala. Mchomeleaji asiye na jenereta hukaa. Kwa kijana atakayeanza bila mtaji, hilo lina uzito kuliko sifa ya kazi yenyewe.

Kikundi

Watu wengi hukiweka kikundi mwisho, kama burudani ya Jumapili baada ya mambo ya maana. Historia ya mji huu inasema vingine. Timu ya mpira tunayoiita leo TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa wa Kibenedikto wa shule ya Institut Saint-Boniface, waliotaka wanafunzi wao wapate shughuli ya kuwaendeleza. Ikaitwa Saint-Georges, jina la mtakatifu mlinzi wa maskauti. Mataji matano ya ubingwa wa vilabu vya Afrika na fainali ya dunia ya vilabu ya 2010 yalikuja juu ya msingi huo. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya uchoraji iliyoitwa Hangar. Hakutaka vijana waige picha za Ulaya, aliwaacha kila mmoja atafute mkono wake. Bela, aliyekuwa akimtumikia, alichora kwa ncha za vidole. Wachoraji wenzake Pilipili na Mwenze Kibwanga wakajulikana mbali na Katanga, jimbo letu. Zilikuwa nyakati za ukoloni na mengi ya nyakati hizo siyatamani, ila mafunzo yaliyofanyika pale nje ya shule yaliacha kazi ambazo dunia bado inazitafuta.

Leo tuna maskauti, vyama vya vijana vya Kikatoliki kama Kiro na Xaveri (iliyozaliwa Bukavu mwaka 1952), kwaya, michezo ya kuigiza, timu za mitaa. Humo kijana anajifunza kusimama mbele ya watu na kuongea, kushika daftari ya pesa ya wenzake, kumaliza ugomvi bila ngumi, kufika saa aliyoahidi. Fundi akimpata kijana wa namna hiyo hamfukuzi. Na kikundi kinagharimu kidogo: uwanja, mpira, chumba, na saa za mtu mzima.

Chagua kwa makini. Kikundi chenye faida kinakutana kila wiki, mvua au jua, na walezi ni wale wale mwaka mzima. Kina walezi wawili au zaidi, na hakuna anayejifungia na mtoto peke yake. Vijana wenyewe wanaamua baadhi ya mambo, pamoja na pesa. Anayekosa mara mbili anatembelewa. Kile kinachoamka wakati wa kampeni tu, siku za kugawa fulana, kikimbie.

Pungufu lake ni wazi: hakitoi chakula wala cheti. La cheti lina dawa rahisi. Ulaya, tangu 2007, vijana wanaoshiriki miradi yao ya kujitolea na mabadilishano hupewa Youthpass, hati ambamo kijana mwenyewe, akisaidiwa na mlezi, anaandika alichojifunza. Kwetu daftari ya kawaida inatosha. Kila mwezi kijana anaandika kitu kimoja anachoweza kufanya ambacho zamani hakukiweza, na aliyemwona akikifanya anatia sahihi: "Niliongoza mkutano wa vijana 20." "Nilipima na kukata fremu ya dirisha." Asiyejua kuandika anasema, mwenzake anaandika. Daftari hiyo, ikiwekwa pamoja na barua ya fundi, inampa mwajiri kitu cha kusoma.

Kwa ufupi, zikikaa upande kwa upande:

| Njia | Inamfaa zaidi | Inamshinda |
|---|---|---|
| CRS | Chini ya miaka 15, hajamaliza msingi | Aliye mkubwa, anayejilisha mwenyewe |
| Kituo cha ufundi | Anayejua kusoma na ana wa kumlisha | Anayeishi mbali, asiye na nauli |
| Kwa fundi | Miaka 16 na zaidi, anahitaji kula leo | Asiye na mtu wa kumsemea |
| Kikundi | Wote, pamoja na njia nyingine | Anayekitegemea peke yake kwa maisha |

Mshindani tusiyemtaja

Vijana wenyewe wanalinganisha na kitu cha tano: kwenda Kolwezi, mji wa migodi, au machimbo ya karibu, kuchimba na kuosha madini. Tukijifanya hatukioni, hawatusikilizi. Machimbo yanatoa pesa siku ile ile, wakati kila nilichokitaja hapo juu kinaomba kusubiri. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inakataza kazi za namna hiyo kwa aliye chini ya miaka 18. Kwa waliotimiza umri, waeleze hesabu nzima: mfadhili anayelisha kundi shimoni hukata gharama zake kwanza, mvua zinazoanza Novemba hubomoa mashimo, na mwezi usio na madini unaacha deni. Ndipo uulize: kwa fundi, nani atakulisha miezi ya kwanza? Kama hatuna jibu, kijana ataondoka, na hatakuwa mjinga.

Kwa kamati zenye pesa kidogo

Pesa ya kuwaanzisha vijana 30 mara nyingi inatosha kuwafikisha mwisho 10. Chagueni 10. Najua inauma kuwaambia wengine wasubiri, lakini kijana aliyeachwa katikati hamwamini mtu wa pili. Katika bajeti, chakula na nauli viandikwe kabla ya fulana na sherehe.

Vifaa vya mwisho wa mafunzo navyo vina shida yake. Cherehani inayokabidhiwa kijana akiwa peke yake, nyumbani kuna mgonjwa au kodi ya nyumba, inauzwa haraka, na si kwa uvivu. Ni afadhali vijana watatu au wanne waanze katika chumba kimoja, vifaa vikiwa vya kikundi kwa miezi sita ya kwanza, kila mmoja akichukua chake baada ya hapo.

Kalenda pia. Kuanzia Mei, mvua zikikatika, wavulana wengi huingia kwenye kupiga na kuchoma matofali ya udongo wa vichuguu. Mafunzo yanayoanzishwa mwezi huo yanawapoteza. Anzeni mvua zikiwa zimeshika, au mpange saa zitakazowaachia asubuhi zao.

Na wasichana wenye watoto: hawaulizi kwanza kuhusu kazi, wanauliza mtoto atakaa wapi. Kituo au fundi anayekataza mtoto mchanga amekwisha kumfukuza mama. Mama mmoja wa jirani anayelipwa kidogo kuwalea watoto watano wakati mama zao wanafanya kazi ni sehemu ya mafunzo, aingie kwenye bajeti. Tena msimpeleke kila msichana kushona. Mtaa wenye washonaji kumi hauhitaji wa kumi na moja, na kuna wasichana ambao ukiwaweka mbele ya injini macho yanawaka.

Kwa mtoto anayelala barabarani, njia hizi nne zinangoja. Huyo aanze nyumba kama Bakanja-Ville ya Wasalesiani, inayowapokea watoto wa barabarani hapa mjini, na mazungumzo ya CRS au kazi yaje akishazoea kulala mahali pamoja.

Kama ni CRS au kituo, nendeni uandikishaji ukiwa bado wazi, kabla ya Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Kwa fundi unaweza kuanza wiki yoyote, mkataba ukiwa tayari. Kikundi ni Jumamosi hii, na kijana asitumwe peke yake: mpeleke mwenyewe, umtambulishe kwa mlezi kwa jina lake, na umwachie mlezi namba yako ya simu.